Hirizi ya Siku ya Mizani

Naapa kwa Mwenyezi Mungu aliyenibakizia meno manne mdomoni, haya ninayoandika ni kweli tupu. Najua sifa yangu hapa Isiolo. Najua mimi ndiye niliyesema niliona simba akipanga foleni kisimani nyuma ya mbuzi. Ile ya simba niliongeza kidogo. Hii siongezi hata punje. Shahidi mmoja bado yuko hai Bulapesa, na akinikuta njiani anacheka kwanza ndipo anasema salaam aleikum.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Mimi Jarso nilikuwa dalali wa mifugo, na sisemi dalali wa kubahatisha. Nilikuwa naweza kumtazama fahali aliye ng'ambo ya barabara, nimefumba jicho moja, nikakutajia kilo zake. Mizani ikisema tofauti, watu waliilaumu mizani. Shule sikuona, lakini nilijifunza kusoma kwa karatasi za magazeti zilizofungiwa sukari, na hesabu nilifundishwa na ng'ombe. Na siri za mnada nilizijua zote. Ukitaka ng'ombe aliyekonda apate uzito, unamlambisha chumvi jioni, asubuhi unamfikisha majini. Anakunywa mpaka akitembea tumbo linasikika kama pipa kwenye lori. Anapanda mizani, analipiwa maji kwa bei ya nyama.

Jirani yangu alikuwa Abduba, dereva wa lori. Kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na ukuta mmoja wa udongo, na wivu wangu uliegemea ukuta huo miaka sita. Abduba hakunikosea kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Angenikosea ningemchukia kwa haki. Yeye alikuwa mtu wa kicheko na wa kugawa. Akitoka safari na ndizi, mkungu mzima unapita juu ya ukuta. Mimi nazila zile ndizi na kila moja inanikwama. Alitangulia kuezeka mabati, akatangulia kununua redio, na hata kikohozi chake kilikuwa kizuri, kikohozi cha mtu anayeheshimika.

Basi Mungu akajalia wake zetu kujifungua wiki moja. Mke wake Kabale alizaa mvulana, wakamwita Dullo. Mke wangu Sadia alizaa msichana, tukamwita Bisharo. Nilimpenda mtoto yule tangu aliponishika kidole. Nasema mapema ili mtu asije akadhani vingine huko mbele.

Siku arobaini zilipokwisha, wale wanawake wawili wakaenda kliniki ya mama na mtoto pamoja. Huko kulikuwa na muuguzi kutoka upande wa Meru, Sista Gatakaa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Mizani yake ilining'inia kwenye boriti. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kaptula ya turubai, anatundikwa kwenye ndoano, sindano inazunguka. Kisha Sista anatia nukta kwenye kadi. Kadi ile ilikuwa na mistari miwili iliyopanda kama kingo za barabara ya mlimani. Nukta za mtoto zikipita katikati, yuko njiani. Zikianguka chini ya mstari wa chini, kuna shida, anatafutiwa dawa na maziwa ya unga.

Sista alikuwa akiwaambia akina mama kila mara, "Kadi si ya kushindana. Mtoto anashindana na nukta yake ya mwezi uliopita, basi."

Wanawake walielewa. Wanaume ndio hatukuelewa.

Jioni ile nilikuwa kwenye kona ya M'Ikiara, muuza miraa, tumekaa watu sita saba. Abduba akaja, akatoa kadi kwenye mfuko wa shati kama mtu anayetoa hati ya shamba.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Mwanangu amefika mstari wa juu. Sista amesema akiendelea hivi atahitaji kadi ya kuunganisha."

"Dalali," M'Ikiara akaniita, "na wako je?"

"Wangu yuko sawa."

"Sawa ni kilo ngapi?"

Nikasema nimesahau. Abduba, kwa wema wake, akanisaidia. "Yuko katikati, katikati chini kidogo. Lakini ni msichana, na wasichana huja polepole."

M'Ikiara akapiga paja. "Yaani wewe mwenye kupima fahali kwa jicho, nyumbani umeletewa ndama wa kiangazi!"

Walicheka mpaka miraa ikawatoka mdomoni. Abduba naye alicheka, akanipiga begani kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kicheko. Nilirudi nyumbani nikamtazama Bisharo amelala. Alikuwa mtoto mzima, mwenye afya, mashavu yake yako mahali pake. Lakini kutoka ng'ambo ya ukuta nikasikia Dullo akilia kwa sauti nene ya kilo nyingi, na usingizi ukanikimbia.

Nikafikiri kidalali. Chumvi na maji mtoto hapewi, hata mimi nilikuwa na mpaka. Lakini mizani ni mizani. Haijui inapima nini, inajua tu kinachoning'inia. Tatizo lilikuwa Sista, maana anavua kila kitu: nguo, kofia, soksi. Kitu kimoja tu hakukivua, kwa kuheshimu dini ya watu, nacho ni hirizi.

Nyuma ya nyumba ya Abduba kulikuwa na sanduku la vyuma chakavu vya lori. Nikachukua nati moja ya gurudumu. Nikampelekea fundi viatu, akaishonea ngozi vizuri, mshono wa msalaba, na kamba ya kufunga kiunoni. Ukiiona ungesema kuna Kurani nusu nzima humo ndani.

Sadia aliniuliza, "Hii ni ya nini, Baba Bisharo?"

"Ya kukinga kijicho. Kliniki kuna macho mengi."

"Mbona nzito?"

"Maneno mazito, mama."

Haya. Hirizi ya kukinga kijicho, na mwenye kijicho ndiye aliyeishona. Malaika walioandika siku ile lazima waliweka kalamu chini kwanza wacheke.

Mwezi wa pili wa kliniki nikamwambia Sadia apumzike, nitampeleka mtoto mwenyewe. Nyinyi vijana hamjui jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Mwanamume kukaa kwenye benchi la kliniki, na akina mama thelathini wananyonyesha kushoto na kulia! Nilitazama dari mpaka shingo ikakakamaa. Wanawake walinong'ona, "Mke wake amemtuma," "Maskini amefiwa." Lakini Sista Gatakaa aliponiona alisimama.

"Wewe ni baba wa huyu?"

"Ndiyo, Sista."

"Mama yuko wapi?"

"Nimemwambia alale, amechoka."

Akawageukia wale akina mama. "Mnaona? Mnaona mwanaume? Mwambieni wenu nyumbani!"

Mtoto akatundikwa. Sista akaigusa ile hirizi, akanitazama.

"Hii haivuliwi, Sista," nikasema, nimeinamisha kichwa kama mtu wa dini. "Samahani."

"Sawa. Imani ya mtu ni yake." Sindano ikazunguka. Nukta ikapanda.

Mwezi wa tatu nikaongeza nati ya pili. Mwezi wa nne zikawa nne. Hirizi ilikuwa inanenepa kuliko mtoto. Fundi viatu aliniuliza kama huyo shehe analipwa kwa kilo. Na nukta za Bisharo zikapanda, zikavuka mstari wa juu, zikampita Dullo. Nikaenda kona ya M'Ikiara nikatoa kadi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikaona uso wa Abduba ukibadilika.

Nataka kuusimulia uso ule, maana niliula kama asali. Kwanza alitabasamu kwa mazoea. Halafu akaangalia kadi tena. Halafu tabasamu likabaki peke yake mdomoni, mwenyewe ameondoka.

"Mashallah," akasema. "Mnampa nini?"

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Ningesema tunampa maziwa ya mama yake, hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi nikipewa nafasi ya uwongo mmoja natoa jozi.

"Si chakula," nikamwambia, nimeshusha sauti. "Ni hirizi. Kuna mzee huko Sericho anaitwa Elema. Ana miaka mia na kumi na tatu, na meno yote. Anaandika kwa maziwa ya ngamia mweupe asiyewahi kuzaa."

"Ngamia asiyezaa anatoa maziwa?"

"Sasa si ndiyo muujiza wenyewe!"

Siku mbili baadaye Kabale akaniambia kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba mumewe ameomba ruhusa kazini, amepanda lori la bidhaa linalokwenda Garba Tula, kutoka huko atajua mwenyewe namna ya kufika Sericho. Safari ile, kiangazi kile, na maji ya kutafuta kama dhahabu! Mtu mwingine angeona haya. Mimi nilikaa nimeegemea ukuta nikahisi wivu umehama nyumba. Ulikuwa umevuka kwenda kwake, na mimi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

Wepesi huo haukufika wiki.

Sadia alianza na homa. Titi la kushoto likavimba, likawa jekundu, jipu. La kulia nalo maziwa yakapungua. Bisharo akawa ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena.

"Mtoto hashibi," Sadia akasema.

"Anashiba. Tazama kadi."

"Kadi hainyonyeshi, Baba Bisharo. Mimi ndiye namshika. Amekuwa mwepesi."

"Karatasi ya serikali inasema yuko juu ya mstari. Wewe na serikali nani anajua kupima?"

Nilijua siwezi kumwacha aende kliniki, maana akienda yeye hatafunga nati nne, na siku hiyo nukta itaanguka kama jiwe kisimani. Nikamkataza. Nikamwambia homa ikiisha maziwa yatarudi. Nikamletea majani, nikamletea mchuzi wa mbuzi, nikamletea kila kitu isipokuwa ruhusa.

Hakungoja ruhusa. Siku ya kugawa maziwa ya unga alijifunika buibui akaenda na homa yake. Pale mlangoni kulikuwa na mama wa kujitolea anayepanga watu kwa kadi, waliopungua upande huu, wasiopungua upande ule. Sista mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kijijini. Yule mama akafungua kadi ya Bisharo, akapiga mluzi.

"Huyu? Mama, huyu anatakiwa kuwagawia wengine! Nenda, nenda, maziwa ni ya walio chini ya mstari."

Sadia akasema mtoto analia. Akaambiwa watoto wote hulia. Aliona haya kumwambia mgeni habari za titi mbele ya watu, akarudi. Aliponisimulia alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakupandisha sauti.

"Kadi imenifukuza," alisema.

Usiku huo sikumtazama mtoto. Asubuhi nilimtazama. Na hapa sifanyi mzaha. Mimi jicho langu ni la mnada. Ng'ombe anayeanza kukonda namwona kabla mwenyewe hajahisi: ngozi inalegea kwanza nyuma ya goti, kisha shingo. Nilimwona mwanangu hivyo. Vifundo vya mikono vilikuwa vimelegea, na mapaja yamepoteza ile mikunjo yao. Jicho likaniambia kilo zake, na halijawahi kunidanganya.

Nililifumba.

Nikajiambia, mwezi mmoja tu. Titi litapona, atarudi, hakuna atakayejua. Maana nikisema sasa, kesho kona nzima itajua, M'Ikiara atapiga paja, na Abduba atacheka kile kicheko chake cha upole. Mtoto wangu alikuwa anakonda na mimi nilikuwa naogopa kicheko. Nikaongeza nati ya tano.

Siku ya mizani Sadia alisema anakuja. Hakuuliza. Kabale naye alikuja na Dullo mgongoni, mtoto mzito kama gunia la sukari. Njia nzima nilimbeba Bisharo mimi, hirizi nimeishika kwa mkono chini ya shuka isije ikamwumiza kiuno. Wanawake benchini sasa walinizoea. "Karibu, baba wa mfano," wakasema, "keti hapa."

Sista Gatakaa akaniita. Nikamvalisha mtoto kaptula ya turubai. Sista akamshika shavu, akakunja uso.

"Huyu ameumwa?"

"Meno, Sista."

"Miezi mitano?"

"Kwetu yanakuja mapema. Mimi nilizaliwa na mawili."

Alikuwa ananyoosha mkono kumtundika wakati mlango ulipofunguka, akaingia mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Midomo imepasuka, shati limekuwa rangi ya barabara. Alikuwa Abduba. Ameshuka lorini dakika ile, hata nyumbani hajafika.

"Salaam aleikum," akawaambia watu. Kisha akanigeukia. "Jarso. Sericho nimefika."

"Karibu nyumbani," nikasema. "Pole na safari."

"Siku kumi na mbili. Nne nimetembea kwa mguu. Nimeuliza kisima kwa kisima, boma kwa boma, mzee Elema wa miaka mia na kumi na tatu. Unajua walinijibu nini?"

"Labda amehama."

"Walinipa maji ninywe kwanza, wakidhani nimepigwa na jua."

Benchi zima likacheka. Abduba hakucheka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo, na nikatamani kile kicheko nilichokuwa nakiogopa.

"Basi hiyo hirizi imetoka wapi?" akauliza.

Sista Gatakaa alinitazama mimi, akatazama hirizi, akatazama mtoto. Akaipima kwa kiganja, akainyanyua mara mbili, kama mama anayenunua viazi.

"Baba Bisharo," akasema polepole, "sijawahi kukata hirizi ya mtu. Kata wewe."

"Sista, laana..."

"Laana niachie mimi. Chukua makasi."

Sadia akasimama. Alichukua yale makasi mkononi mwa Sista, akakata kamba, akakata mshono. Nati zikaanguka kwenye sakafu ya saruji moja moja, ngang, ngang, ngang, ngang, ngang. Ya tano ilibingirika mpaka miguuni kwa Abduba. Akainama akaiokota, akaifuta vumbi kwa kidole.

"Hii ni ya lori langu," akasema.

Sikumbuki kama watu walicheka. Wengine wanasema walicheka mpaka mtu mmoja akashikwa na uchungu akazaa palepale, lakini hilo nimelitunga sasa hivi. Ninachokumbuka ni sindano. Sista alimtundika Bisharo akiwa mtupu, na sindano ikaenda nusu ya safari yake ya kawaida, ikasimama. Alitia nukta. Nukta ilikuwa chini, chini ya mstari wa chini, peke yake, mbali na nyingine zote. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akazipiga msalaba nukta zangu tatu.

"Hizi ni za vyuma," akasema. "Sijui mtoto amekuwaje miezi mitatu. Kama ningejua mwezi uliopita ningeanza mwezi uliopita. Umenifumba macho, mzee, na mimi nilikuwa nakusifu."

Sadia alimchukua mtoto. "Nilikuambia analia njaa," akaniambia, kwa Kiborana, kwa sauti ndogo. "Ulinionyesha karatasi."

Hakuongeza. Angeongeza ningepata cha kujibu.

Sista akampeleka nyuma ya pazia, akalitazama titi. Akatoka akasema jipu lazima lipasuliwe leo, sindano siku tano, na maziwa yatarudi kwa wiki mbili au tatu akila na akiendelea kumnyonyesha kwa upande wa pili. "Lakini huyu hawezi kungoja wiki mbili," akasema. "Maziwa ya unga nitampa, ila kwa umri huu na maji yetu haya, ningependa ya mama."

Kabale alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alimshusha Dullo, akampa Abduba. Akanyoosha mikono.

"Mlete," akamwambia Sadia.

Bisharo alilishika titi la Kabale kama mtu aliyeona kisima baada ya Sericho. Tulisikia akimeza. Kliniki nzima ilinyamaza tukamsikiliza mtoto akimeza. Sadia alilia. Mimi nilitazama sakafu, mahali nati zilipokuwa.

"Unajua maana yake," Abduba akasema kando yangu. "Dullo na Bisharo sasa ni ndugu. Titi moja. Hawataoana hao."

"Najua."

"Na mimi ni baba yake."

Wallahi, hata wakati ule, mwanangu anaokolewa mbele ya macho yangu, neno lile lilinichoma ndani kama kaa la moto. Mabati alitangulia, redio alitangulia, sasa na binti yangu ni wake. Nikamtazama Abduba nikitafuta dharau usoni mwake ili nimchukie vizuri. Hakuwa nayo. Alikuwa na vumbi tu na uchovu.

"Kula ya mnyonyeshaji ni juu yako," akasema. "Hiyo ni sheria, si mimi. Mama Dullo ananyonyesha wawili kuanzia leo. Atakula nini, nati?"

"Nitaleta chochote anachotaka."

Kabale akasema kutoka kwenye benchi, bila kuinua kichwa, "Ng'ombe. Mwenye maziwa. Awe wangu, si wa kuazima."

"Tena aombe radhi kwa ile Sericho," akasema mama mmoja nisiyemjua hata jina.

Nikaomba radhi pale pale, mbele ya akina mama thelathini. Abduba akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Ng'ombe wangu walikuwa katika boma la kaka yangu huko Burat. Nilikwenda jioni ile. Mmoja alikuwa mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama, anayejaza kibuyu asubuhi na kingine jioni. Nilimnunua akiwa ndama, nikamlea, na madalali wenzangu walikuwa wakija kumwangalia tu kama watu wanaokwenda kuona bibi harusi. Nilisimama mbele yake nikafikiria yuko nyuma ya nyumba ya Abduba, Abduba anaamka asubuhi anasikia maziwa yake yakipiga kibuyu, na mimi nasikia kupitia ukutani.

Sikuweza. Mungu anisamehe, sikuweza.

Kulikuwa na mwingine, mweusi mwenye baka jeupe, mzee, kiwele kama soksi kuukuu. Nikamwambia kaka asimkamue jioni, wala kesho asubuhi, na ndama wake akafungwe kwenye kichaka. Mpaka kesho yake mchana kiwele kilikuwa kimevimba, kinang'aa, mtu asiyejua angesema anabeba kisima. Nikamwosha, nikampaka mafuta kwenye pembe, nikamwongoza mpaka kwetu Bulapesa nikiwa nimeinua kichwa. Nilimpitisha makusudi kwenye kona ya M'Ikiara. Wakasema, "Dalali amelipa kweli!"

Kabale alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, Bisharo kifuani, Dullo amelala kwenye mkeka. Sadia alikuwa hapo pembeni, titi limefungwa bandeji, anakunywa uji. Abduba alitoka amefunga kikoi. Akamzunguka ng'ombe mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dereva anajua nini?

"Mzuri," akasema. "Jarso, huyu ni mzuri."

"Ni chaguo la kwanza," nikasema. "Roho yangu yote iko hapa."

Kabale alinyoosha mguu bila kusimama, akagusa kiwele kwa kidole gumba cha mguu. Tone likadondoka. Likadondoka lingine.

"Huyu hajakamuliwa tangu lini?" akauliza.

"Leo asubuhi, Mama Dullo."

"Kiwele kimekaza kama ngoma ya harusi, na maziwa yanajitoa yenyewe. Huyu amelala na kuamka hajaguswa. Na ndama wake yuko wapi?"

"Ana... amekwisha kuachishwa."

"Mbona anageuza shingo upande wa Burat na kulia?"

Ng'ombe yule, ambaye njia nzima alikuwa kimya kama mtu wa heshima, akachagua dakika ile kulia tena.

Kabale akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana kliniki. Bisharo naye aliachia titi, akanigeuzia uso, maziwa kidevuni. Mashavu yake yalikuwa bado hayajarudi.

"Mimi nimezaliwa boma, Jarso," Kabale akasema. "Mume wangu ndiye wa magurudumu. Na Sadia ameniambia kuna mwekundu mwenye pembe moja."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anapuliza uji wake.

Abduba alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashika ukuta, ukuta wetu ule, akacheka mpaka vumbi la Sericho lilikuwa kama linamtoka upya. M'Ikiara na wenzake walikuwa wamefuata nyuma kuona, nao wakaangusha miraa. Sikuwa na mahali pa kuweka uso, nikauweka kwenye shingo ya ng'ombe.

"Nenda," Kabale akasema, akimrudisha mwanangu kifuani. "Jua bado liko juu. Na ndama wake uje naye pia."

Nikageuza kamba. Ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka Burat kwa mtu anayeburuta ng'ombe asiyetaka, na yule mweusi sasa alikuwa anakimbilia mtoto wake, mimi ndiye niliyekuwa naburutwa. Nilimwachia bomani, nikamfungua yule mwekundu. Kaka aliniuliza nimeuza kwa bei gani. Nikamwambia nimeuza vizuri, na huo ndio uwongo wa mwisho niliosema siku hiyo. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa nilipoingia uani kwa Abduba, mwekundu mbele, ndama nyuma. Nikampa Kabale kamba mkononi.